Betri tatu za lithiamu kati ya Chimala na Kitulo: tathmini baada ya miezi 26

Mwezi Machi 2023 familia yetu ilinunua betri tatu za lithiamu za aina moja, siku moja, katika duka moja la vifaa vya sola eneo la Mwanjelwa jijini Mbeya. Kila moja iliandikwa volti 12.8 na ampia-saa 100, yaani kiasi cha umeme inachobeba ikijaa, na kila moja tuliilipia shilingi 950,000. Ya kwanza ilibaki nyumbani kwangu Uyole, ya pili ilikwenda Chimala katika duka la dada yangu, na ya tatu ilipanda zile kona 57 za barabara ya Matamba hadi kwa mdogo wangu, ambaye ana kibanda cha kuchaji simu na kunyoa nywele ukingoni mwa uwanda wa Kitulo. Muuzaji alituaga kwa ahadi mbili: kwamba betri itadumu miaka kumi, na kwamba haina matunzo. “Mzee wangu, hii ukishaifunga, unaisahau,” aliniambia. Nilifundisha kemia sekondari kwa muda mrefu na sikuweza kuisahau, ndiyo maana nina cha kuandika.

Nilizipima zote tatu kabla hazijafungwa, kwa kipimo cha ampia-saa na taa za volti 12 zenye mzigo usiobadilika, nikaanza betri ikiwa imejaa hadi saketi yake ya ulinzi ilipokata yenyewe. Zilitoa 101, 99 na 100, kwa hiyo kuhusu ujazo muuzaji hakutudanganya, na kwa bidhaa za sola zinazouzwa mitaani kwetu jambo hilo linastahili kutajwa. Mei 2025 nilizipima tena kwa njia ile ile. Ya Uyole ilitoa 94. Ya Kitulo ilitoa 82. Ya Chimala, ambayo dada yangu aliisifia kuliko wote kwa kuwa haikuwahi kumzimikia friji ya soda, ilitoa 79. Hili si jaribio la maabara, kwani matumizi ya nyumba hizi tatu hayafanani, lakini tofauti ya ampia-saa 15 kati ya ndugu watatu waliotoka katika boksi moja haiwezi kuelezwa kwa bahati peke yake.

Kuhusu umbo la nje sina mengi. Kasha ni la plastiki ngumu, uzito wake unabebeka na mtu mmoja, nati za vituo vyake zililegea mara mbili na kulazimu kukazwa upya. Karatasi ya maelezo imeandikwa kwa herufi ndogo mno, na katika sehemu ya joto la mazingira imeweka namba mbili tu bila kutofautisha kati ya kuchaji na kutumia. Kasoro hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Ndani ya kasha mna seli nne za fosfeti ya chuma na lithiamu zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.2. Watu wengi, na hata mafundi, wakisikia jina hilo hudhani betri yote ni chuma na fosfeti. Hilo ni jina la upande mmoja tu, yaani elektrodi chanya. Upande wa pili, ambako lithiamu hulala betri inapokuwa imejaa, umetengenezwa kwa kinywe, madini yale yale meusi yanayopatikana Mahenge na Ruangwa na ambayo kila mtoto wa shule ameyashika katika ncha ya penseli. Uchakavu wa betri hizi zetu, kwa sehemu kubwa, ni habari ya kinywe hicho na kimiminika kinachokizunguka, yaani elektroliti.

Kinywe ni rundo la kurasa za kaboni zilizolaliana, kila ukurasa ukiwa umetengana na mwenzake kwa nanomita 0.335. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu huogelea katika elektroliti na kujipenyeza katikati ya kurasa hizo, ioni moja kwa kila atomu sita za kaboni zikijaa kabisa, na kwa mpangilio huo gramu moja ya kinywe inaweza kubeba miliampia-saa 372. Kurasa husogea hadi nanomita 0.370 hivi, maana yake rundo hunenepa kwa takribani sehemu moja ya kumi, kisha hurudi betri inapotumika. Aliyeonyesha kwamba safari hiyo ya kwenda na kurudi inawezekana kwa umeme ni Mwafrika, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Moroko, alipokuwa akifanya utafiti Grenoble, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Draper pamoja na John Goodenough, Yoshio Nishi na Akira Yoshino. Nilikuwa napenda kuwatajia wanafunzi jina lake, kwa sababu katika Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2019, iliyohusu betri hizi, jina lake halimo.

Ugumu ulikuwa katika kimiminika. Kuna kiyeyushi kiitwacho propilini kabonati ambacho kina sifa karibu zote nzuri: kinayeyusha chumvi za lithiamu vyema na hakigandi kwa baridi ya kawaida. Lakini kikikutana na kinywe huleta maangamizi. Molekuli zake huing’ang’ania ioni ya lithiamu na kuingia nayo katikati ya kurasa, kama mgeni mmoja aliyealikwa harusini akafuatana na ukoo wake wote. Zikiwa humo huvunjika, hutoa gesi, na kurasa hupasuka na kumeguka vipande vipande. Ndiyo sababu betri ya kwanza ya ioni za lithiamu iliyouzwa sokoni na Sony mwaka 1991 haikutumia kinywe chenyewe, ilitumia kaboni yenye kurasa zilizovurugika, ambazo haziachani kirahisi. Dawa ilipatikana kwa ndugu wa karibu wa kiyeyushi hicho, ethilini kabonati, ambayo kwa fomula imepungukiwa na kaboni moja tu na hidrojeni mbili. Nayo huvunjika ikigusa kinywe chenye lithiamu, lakini mabaki yake hushikana juu ya uso wa kinywe na kuwa utando imara, unaopitisha ioni na kuzuia elektroni, na hivyo kiyeyushi kilichobaki hakimfikii tena adui yake.

Huo utando ndio uhai wa betri, na ndio kifo chake pia. Mwaka 1979 Emanuel Peled aliuelezea kwa mara ya kwanza juu ya lithiamu kwa jina linalotumika hadi leo duniani. Mimi huuita ukoko, na yeyote aliyepika wali wa Mbarali ataelewa kwa nini. Ukoko wa kwanza hutokea mapema, chini ya sufuria, na kwa kadiri fulani huukinga wali wa juu usiungue. Lakini ukoko umetokana na wali ule ule uliokusudiwa kuliwa. Lithiamu yote ya betri kama hizi imetoka katika elektrodi chanya, hakuna akiba nyingine, na kila ioni inayonaswa ndani ya utando imetoka katika hesabu moja kwa moja. Tayari kiwandani, katika kuchajiwa kwa mara ya kwanza, kati ya asilimia 5 na 10 hivi ya lithiamu huishia huko. Baada ya hapo utando huendelea kunenepa polepole, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyojizuia wenyewe, kiasi kwamba kwa makadirio ya kawaida unene wa miaka minne ni maradufu tu ya unene wa mwaka mmoja. Hiyo ndiyo hali ya betri ya Uyole. Ipo ndani ya stoo yenye dari, hewa ni ya ubaridi wa wastani, inatumika umeme ukikatika na usiku kwa taa, na kupoteza ampia-saa 7 kwa miezi 26 ni uchakavu ambao siwezi kuulalamikia.

Chimala ni habari nyingine. Nilipoikagua betri ya dada niliikuta imewekwa juu ya rafu, chini kidogo ya bati lisilo na dari, ubavuni mwa inveta inayopuliza hewa moto. Mwezi Oktoba, saa nane mchana, kipimajoto nilichokibandika kwenye kasha kilisoma nyuzi 46 za selisiasi. Katika joto hilo ukoko haubaki kuwa ukoko. Baadhi ya viambato vyake huyeyuka au huvunjika, uso wa kinywe ukabaki wazi, na elektroliti ikaugusa tena na kutengeneza utando mpya kwa gharama ya lithiamu nyingine. Chumvi iliyomo katika elektroliti, ambayo ni mchanganyiko wa lithiamu, fosforasi na florini, haipendi joto wala unyevu: ikipata chembe ya maji iliyobaki tangu kiwandani hutoa asidi ya haidrofloriki, nayo huutafuna utando huo huo. Kila mchana wa joto kwa hiyo ulikuwa kama kuukwangua ukoko na kurudisha sufuria motoni.

Na kulikuwa na jambo la pili ambalo dada yangu aliliona kuwa ni uangalifu. Fundi aliyemfungia kontrola ya chaji aliiacha katika mpangilio wa betri za maji, yaani zile za risasi, unaoishikilia betri katika hali ya kujaa siku nzima jua likiwepo. Kwa betri ya risasi hilo ni jema, kwa sababu yenyewe huumia ikikaa bila chaji. Kwa kinywe ni kinyume. Kinywe kilichojaa lithiamu kina volti 0.1 tu juu ya lithiamu tupu, ilhali viyeyushi hivi huanza kuvunjika tangu volti 0.8 hivi, kwa hiyo kadiri betri inavyokaa imejaa ndivyo msukumo wa kuivunja elektroliti unavyokuwa mkali. Betri iliyojaa na yenye joto inazeeka ikiwa imetulia, hata kama hakuna aliyewasha taa. Muuzaji alipaswa kuuliza swali moja tu, betri inakwenda kufungwa wapi na kwa kontrola gani, na hakuliuliza.

Kitulo ilinipa shida zaidi kuielewa. Mdogo wangu ni mtu makini, kontrola yake ilipangwa sawasawa, joto hakuna, na betri hutumika na kujaa bila kushikiliwa. Niliipima Novemba 2023 ikatoa 98, nikafurahi. Niliporudi Septemba 2024, baada ya msimu wa baridi, ilitoa 87. Ukoko wa kawaida haudondoshi betri kwa mkupuo namna hiyo. Jibu nililipata Juni mwaka uliofuata nilipolala kwake: alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi, betri ilikuwa sakafuni kwenye saruji kando ya ukuta wa mbao, kipimajoto kilisoma nyuzi 1, na saa moja na nusu jua lilipochomoza juu ya kilima paneli zake mbili zilianza kumimina umeme bila kungoja betri ipate joto.

Katika baridi, elektroliti huwa nzito. Ethilini kabonati yenyewe huganda ikiwa chini ya nyuzi 36 hivi, inabaki kimiminika ndani ya betri kwa sababu tu imechanganywa na viyeyushi vyepesi zaidi, na ioni hutambaa pale zilipozoea kuogelea. Kupita katika utando na kuingia kati ya kurasa nako huchukua muda. Umeme wa paneli haujui habari hiyo, unaendelea kusukuma, na ioni zinazofika mlangoni kwa wingi kuliko zinazoweza kuingia hugeuka metali ya lithiamu hapo hapo juu ya uso wa kinywe. Ikumbukwe kwamba kati ya kinywe kilichojaa na metali tupu kuna pengo la volti 0.1 tu, kwa hiyo hauhitajiki msukumo mkubwa kulivuka. Sehemu ya metali hiyo hurudi kuwa ioni betri inapotumika. Sehemu nyingine huungana na elektroliti na kuongeza ukoko, na nyingine hubaki imezungukwa na utando pande zote, haigusi kinywe, haina kazi tena hadi mwisho. Ikiota kama sindano inaweza hata kutoboa kitenganishi na kuunganisha pande mbili za seli. Watengenezaji wengi wa seli hizi hukataza kuchaji chini ya nyuzi 0, na kati ya hapo na nyuzi 10 hivi hushauri umeme upunguzwe. Kutumia betri katika baridi, yaani kuitoa umeme, hakuna madhara hayo. Ndiyo tofauti ambayo ile karatasi ya herufi ndogo haikuiandika, na saketi ya ulinzi ya betri hizi haina kihisi cha kuzuia chaji wakati wa baridi.

Nilimpelekea betri hiyo ya Kitulo fundi mmoja wa eneo la Soweto jijini Mbeya, kijana anayeheshimu kazi yake, ambaye alifungua kasha bila kuzigusa seli zenyewe. Seli ya tatu ilikuwa imevimba tumbo. “Mwalimu, hii imejaa upepo,” aliniambia, na alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Ethilini kabonati inapovunjika juu ya kinywe hutoa gesi ya ethilini, ile ile ambayo ndizi za Tukuyu hujitolea zenyewe ili kuiva. Gesi nyingi hutoka katika chaji ya kwanza na huondolewa kiwandani. Inayoendelea kutoka baada ya hapo haina pa kwenda. Nilimwomba asijaribu kuitoboa, ingawa hakuwa na nia hiyo, kwa sababu ndani mna vimiminika vinavyoshika moto na chumvi ambayo ikikutana na unyevu wa hewa hutoa asidi niliyoitaja. Alisawazisha seli nne, akazikaza upya kwa vibano, akanitoza shilingi 40,000. Huduma yake naipa alama zote.

Huduma ya duka siwezi kuipa hata nusu. Nilikwenda na vipimo vyangu nikiwa ndani ya muda wa dhamana ya miaka mitatu iliyoandikwa kwenye risiti. Nilijibiwa kwamba dhamana ni ya betri “iliyokufa”, na yangu bado inawaka taa. Nikapewa na ushauri wa nyongeza, niitumie yote hadi ikate kisha niichaji, eti ili “irudishe kumbukumbu”. Ushauri huo umerithiwa kutoka betri za nikeli na kadimiamu za redio za zamani na hauna mahali katika lithiamu. Betri ya lithiamu ikishushwa kupita kiasi, karatasi ya shaba iliyoshikilia kinywe huanza kuyeyuka na kuingia katika elektroliti, na ikichajiwa baadaye shaba hiyo huota pasipotakiwa. Saketi ya ulinzi huzuia hali hiyo ifikie huko, ila kuikimbilia kwa makusudi kila wiki ni kuipa saketi kazi ambayo siku moja itaikosea.

Je, ningeinunua tena? Kwa Uyole, Iringa mjini, Mafinga au Njombe, ikiwa ndani ya nyumba, ndiyo, na kwa bei ile ile. Betri ya jeli niliyokuwa nayo kabla yake ilikuwa na ampia-saa 100 kwa jina, nikaruhusiwa kutumia nusu tu, na mwaka wa tatu ilikuwa imekwisha. Hata ile ya Chimala yenye 79 bado inamfanyia dada kazi ambayo ya jeli haikuwahi kuifanya ikiwa mpya. Kwa Makete, wilaya iliyo na Kitulo, sitainunua aina hii, labda kwanza iwe na kihisi cha baridi kinachokata chaji, na betri za namna hiyo zipo sokoni kwa nyongeza ya fedha ambayo mdogo wangu angeilipa kwa furaha kama angeulizwa.

Kwa sasa betri ya dada tumeishusha chini karibu na ukuta wa nyuma usiopigwa na jua, inveta tumeihamisha, na kikomo cha chaji tumekipunguza kutoka volti 14.6 hadi 14.0, bila kushikiliwa ikishajaa. Ile ya Kitulo imo ndani ya sanduku la mbao lenye maranda pande zote, imepandishwa kutoka sakafuni na kusogezwa upande wa jikoni, na paneli moja kati ya mbili ina swichi ambayo mdogo wangu haiwashi hadi saa nne asubuhi. Ampia-saa zilizokwisha kunaswa hazitarudi. Nitazipima tena zote tatu baada ya baridi ya mwaka huu, na ya Kitulo nitaianza kwanza.